RAID kwa kompyuta ya nyumbani: nimeipitia hapa Kisumu, soma kabla hujanunua diski

Kama uko na kompyuta nyumbani na umeambiwa ukiunganisha diski mbili kwa RAID, yaani kufanya diski kadhaa zifanye kazi kama moja, mashine itakimbia mara mbili, tafadhali soma hii kabla hujatoa pesa. Nimeipitia yote, kununua, kuunganisha, kupoteza na kujenga upya, na kuna bei nililipa ambayo sitaki mtu mwingine ailipe. RAID yenyewe si mbaya, bado naitumia na sirudi nyuma. Lakini spidi inayoleta ni ya aina moja tu, ile ya kusoma na kuandika faili kubwa mfululizo, na kama kazi yako haikwami hapo utaweka diski mbili, hata nne, na mashine ibaki vile ilivyokuwa.

Kazi yangu ni video. Harusi, matanga, shughuli za mahari, siku za wazazi shuleni, nazunguka hapa Kisumu, Siaya, Vihiga, wakati mwingine mpaka Busia. Studio ni chumba kimoja ndani ya nyumba huku Manyatta na mashine ni kompyuta ya mezani ya eks-UK, prosesa ya miaka kadhaa, RAM gigabaiti 16, SSD ndogo (diski isiyozunguka) ya kuwasha mashine na diski moja ya kuzunguka ya kuweka kazi. Nilipoanza kurekodi na kamera tatu za 4K ikawa balaa, ukicheza taimlaini picha inaruka, sauti inaenda mbele, unakata mahali ambapo haukutaka. Kila fundi niliyemuuliza kule Oginga Odinga Street alisema kitu kimoja, "Omera, hiyo ni diski, weka RAID."

Kabla ya kununua niliamua nipime, na huu ndio ushauri ninaouthamini kuliko yote nitakayosema hapa. Natumia Ubuntu na naediti kwa Kdenlive, kwa hivyo nilifungua terminali, nikaweka iostat -x 1, inayoonyesha kazi ya diski, upande mmoja na top, inayoonyesha kazi ya prosesa, upande mwingine halafu nikacheza ile taimlaini inayokwama. Diski ilikuwa inasoma megabaiti zisizofika 40 kwa sekunde na haijachoka hata kidogo. Prosesa ndiyo ilikuwa imebanwa mpaka mwisho. Na ukipiga hesabu inaingia akilini, kamera zangu zinarekodi megabiti 100 kwa sekunde, gawanya kwa 8 upate megabaiti 12.5, kamera tatu ni 37.5 basi. Diski ya kawaida inayozunguka mara 7,200 kwa dakika inasoma megabaiti 150 na kuendelea ikiwa inasoma mfululizo. Kumbe shida ilikuwa ile kazi ya kufungua video ya H.264, ambayo imebanwa sana ndio itoshee kwa kadi, na prosesa yangu haiwezi kufungua tatu kwa wakati mmoja. Kama ungekuwa Windows ungefungua Task Manager tu uone ni nini kimefika asilimia 100, CPU ama Disk. Ni dakika chache na inaweza kukuokolea elfu kumi.

Kwa hivyo nikaanza kubadilisha klipu ninazotaka kutumia ziwe DNxHR kwanza kabla ya kuediti. Hii ni aina ya video ambayo haijabanwa sana, prosesa inaifungua bila jasho, lakini faili inakuwa kubwa kupindukia. DNxHR HQ kwa 4K inataka zaidi ya megabaiti 80 kwa sekunde kwa kamera moja, na saa moja ya kamera moja inakula karibu gigabaiti 300. Prosesa ikatulia. Sasa nikirudi kwa iostat, diski ndiyo iko asilimia 100 na taimlaini inakwama tena, kwa sababu kamera tatu ni megabaiti 240 na zaidi na diski moja haina hiyo nguvu. Hapo sasa, na ni hapo tu, RAID ikawa na maana kwangu.

Kwa wale ambao hawajui, hii kitu ilianza na utafiti wa David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, waliuchapisha 1988 wakionyesha kwamba diski nyingi ndogo za bei nafuu zikifanya kazi pamoja zinaweza kushinda ile diski moja kubwa ya bei ghali ya zile kompyuta kubwa za wakati huo. Na hapo hapo wakasema ukiongeza diski unaongeza pia nafasi ya moja kuharibika, ndiyo maana ngazi walizozieleza, RAID 1 mpaka 5, zote ziko na njia ya kuvumilia diski kufa. RAID 0 haikuwa kati yake. RAID 0 inagawa faili vipande vipande, kipande hiki diski ya kwanza, kinachofuata diski ya pili, ni kama watu wawili kupakua lori moja, kila mtu na gunia lake. Unapata spidi ya zote mbili na nafasi ya zote mbili. Lakini moja ikifa, umebaki na nusu ya kila faili, na nusu ya faili haifunguki.

Hiyo niliijua nikiingia. Nilichagua RAID 0 kwa sababu zile DNxHR ni kopi za muda tu, klipu zenyewe zinabaki kwa kadi za kamera mpaka mteja achukue kazi na tena kuna kopi nyingine kwa diski ya nje. Faili ya mradi wa Kdenlive inakaa kwa SSD. Kwa hivyo kama ungeniuliza nitapoteza nini ningekuambia hakuna.

Tuje kwa pesa. Diski mbili za terabaiti 2, moja mpya moja mtumba, zilinigharimu kama elfu 12 zote. Kebo za SATA, adapta ya kugawa pawa, feni ndogo, weka elfu 2 ingine. Hapo kwa adapta nitasimama kidogo kwa sababu inahusu usalama wa nyumba. Hizi mashine za eks-UK mara nyingi hazina soketi za kutosha za pawa ya diski, na madukani utapewa adapta ambayo plastiki yake imemwagiwa juu ya nyaya kwa kichwa. Hizo zinajulikana kwa kuungua, nyaya ndani zinagusana na moto unaanza. Tafuta ile ambayo waya zimebanwa moja moja na unaona kichwa chake kinafunguka. Na uangalie pawasaplai yako, diski ikianza kuzunguka inaweza kuvuta karibu ampia 2 kwa ile laini ya volti 12, mbili zikianza pamoja na pawasaplai ni ile ndogo imezeeka, mashine inaweza kukataa kuwaka.

Mtumba pia, ukinunua, usilipe kabla ya kuona smartctl -a, ripoti ya afya, ya hiyo diski. Nyingi zimetoka kwa mashine za kamera za ulinzi ambazo haziwahi kuzimwa. Angalia Power_On_Hours, ukiona 40,000 jua hiyo ni zaidi ya miaka minne na nusu bila kulala. Angalia Reallocated_Sector_Ct na Current_Pending_Sector, sehemu za diski zilizoharibika na zinazoshukiwa, hizo zote ziwe sifuri, zikiwa na namba yoyote achana nayo hata kama ni bei ya kutupa. Muuzaji akikataa uichomeke kwa laptopu uangalie, ondoka.

Kuunganisha kwenyewe si kazi kubwa. Kuna watu watakuambia utumie RAID ya BIOS, ile inayokuja na mazabodi. Mimi nilikataa na bado nakataa kwa kompyuta ya nyumbani, kwa sababu mazabodi ikiungua utahangaika kutafuta ingine inayoelewa zile diski, na kama uko na Windows tayari ukibadilisha mpangilio wa SATA kwa BIOS kutoka AHCI (ule wa kawaida) kwenda RAID bila kuiandaa kuna uwezekano mkubwa haitawaka. RAID ya Linux yenyewe, mdadm, inaandika maelezo yake kwa diski, unazitoa unaziweka kwa kompyuta nyingine yoyote ya Linux, mdadm --assemble --scan, zimerudi. Cha kuchunga ni majina ya diski. Leo ni sdb na sdc, kesho ukichomeka fleshi zimebadilika, na ile amri ya kuunda inafuta kila kitu kwa hiyo diski. Angalia kwanza ls -l /dev/disk/by-id, linganisha na serial number iliyobandikwa kwa diski yenyewe, ndipo ubonyeze. Ukimaliza, chukua matokeo ya mdadm --detail --scan uyaweke kwa /etc/mdadm/mdadm.conf kisha upige update-initramfs -u, usipofanya hivyo ukiwasha tena utaipata imejiita md127 na folda zako zinasema hazioni kitu, watu wengi hushtuka wakidhani data imeenda. Kwa fstab, faili inayoambia mashine ifungue diski gani ikiwaka, tumia UUID (namba ya kipekee ya RAID yako) na uongeze nofail, ndio siku RAID ikikataa kompyuta bado iwake uweze kuitengeneza.

Matokeo? hdparm -t, amri ya kupima spidi ya kusoma, kwa diski moja ilinipa kama megabaiti 170 kwa sekunde, kwa zote mbili ikapita 330. Kamera tatu zikacheza bila kuruka na nilifurahi sana, hiyo usiku nilimaliza kazi ya harusi iliyokuwa imenikalia kichwani wiki nzima. Lakini sasa sikiliza ambayo haikubadilika. Kuwasha mashine, vile vile. Kufungua programu, vile vile, kwa sababu hapo diski inaruka ruka kutafuta vipande vidogo na kichwa cha diski ya kuzunguka kinachukua milisekunde kadhaa kila mruko, uwe na mbili uwe na kumi mruko ni ule ule. Hiyo dawa yake ni SSD. Kuekspoti video, hata dakika moja haikupungua, hiyo ni prosesa. Na kadiri unavyojaza ndivyo spidi inashuka, diski ya kuzunguka inasoma haraka upande wa nje na ikifika ndani inaweza kupungua mpaka karibu nusu, kwa hivyo usipime ikiwa tupu ukadhani ndio itakuwa hivyo siku zote.

Halafu mvua za Aprili zikaja. Mtu wa huku anajua, asubuhi jua kali, saa kumi wingu limejikusanya juu ya ziwa, radi zinaanza na stima inapotea inarudi inapotea. Nilikuwa na kazi ya matanga ya mzee mmoja wa Siaya, watoto wake wengine wako ng'ambo hawakuweza kufika, wanangoja video ndio waone baba yao akizikwa. Stima ikapotea mashine ikiwa inaandika. Iliporudi, ile diski ya mtumba ikawa inalia tik tik na cat /proc/mdstat, ya kuona hali ya RAID, haionyeshi kitu. Nilijua klipu ziko salama kwa kadi, nilikuwa nimeziona na macho yangu siku hiyo, na bado mikono ilitetemeka, nikaenda kuzihesabu tena moja moja nikiwa na tochi ya simu. Harusi mtu anaweza kuelewa, mtaongea. Mazishi hayarudiwi.

Kwa hivyo sikupoteza hata picha moja ya mteja. Nilichopoteza ni muda, na hapa ndipo hesabu yangu ya mwanzo ilikuwa haijakamilika, unaona ukisema "ni kopi za muda tu" inasikika ni rahisi, mpaka ukae kuzitengeneza upya zote, usiku baada ya usiku na prosesa ile ile polepole, huku familia inapiga simu kila jioni kwa heshima zote, "kijana wetu, umefika wapi?" Nilipunguza bei kwa elfu 10 bila wao kuniomba. Weka na diski mpya juu yake, uone ile spidi ya bure ilifika ngapi.

Nilipojenga tena nilikuwa nataka vitu viwili, spidi ya kusoma na diski moja iweze kufa bila kazi kusimama. RAID 5 niliifikiria, inataka angalau diski tatu na inapoteza nafasi ya moja tu. Lakini inaandika polepole ukiandika vitu vidogo, maana lazima isome data ya zamani na pariti ya zamani (ile hesabu ya kurudisha data diski ikifa) ndipo iandike mpya zote mbili, na stima ikikatika katikati data na pariti zinaweza kukosa kukubaliana bila wewe kujua. Kwa mtu wa mahali stima inapotea vile inapotea hapa, bila ulinzi wa ziada singemshauri. RAID 1 ya kawaida inakupa kopi mbili kamili, lakini faili moja ndefu inasomwa kwa spidi ya diski moja.

Kitu ambacho watu wengi hawajui, na mimi nilikipata nikisoma maelezo ya mdadm yenyewe, ni kwamba RAID 10 ya Linux, mchanganyiko wa RAID 1 na RAID 0, inakubali diski mbili tu. Madukani watakuambia lazima nne. Ukiweka --level=10 --layout=f2 --raid-devices=2 kila kipande kinaandikwa mara mbili, kopi moja upande wa mbele wa diski hii na nyingine upande wa nyuma wa ile ingine, na inaposoma inasoma zote mbili zikipishana kama RAID 0. Yangu ikasoma karibu 300. Kuandika kukashuka hata chini kidogo ya diski moja, kwa sababu vichwa vinaruka kutoka mbele kwenda nyuma kila saa. Nafasi pia, diski mbili za terabaiti 2 zinakupa terabaiti 2 tu. Kwangu ni sawa, naandika mara moja nasoma mara mia.

Kulikuwa na kisirani kimoja. Ile diski mpya niliyonunua mara ya pili ilikuwa SMR, mistari yake ya data imepandana kama mabati ndio ijaze data zaidi, na ikiandikwa mfululizo inachoka. RAID kusawazisha data ya diski mbili za terabaiti 2 kwa megabaiti 150 kwa sekunde ni kama saa nne hivi, hii ilipita siku nzima ikiwa bado inakokota. Nikairudisha dukani, wakakubali nikiongeza kidogo. Kwa boksi hawaandiki, lakini tangu 2020 watengenezaji wakubwa wameweka wazi ni modeli gani ni SMR na gani ni CMR, chukua namba ya modeli uitafute kwa simu ukiwa bado umesimama kaunta. Kwa RAID unataka CMR, ile ambayo mistari haijapandana.

Kabla ya kuweka kazi ya mtu yeyote niliijaza na video zisizo na maana nikachomoa kebo ya diski moja makusudi. Ile [UU] ya /proc/mdstat, kila U ni diski moja nzima, ikawa [U_] na video ikaendelea kucheza. Nikairudisha, nikaiongeza kwa mdadm --add, nikaiangalia ikijijenga. Fanya hilo zoezi ukiwa umetulia, siku diski itakufa kwa kweli utakuwa na mteja kwa simu na hutaki kuwa unajifunza amri saa hiyo. Na uweke barua pepe yako kwa MAILADDR ndani ya mdadm.conf uhakikishe inafanya kazi kweli, ama uzoee kuangalia kila asubuhi, kwa sababu diski moja ikifa kimya hutahisi chochote mpaka ya pili ifuate.

UPS, betri ya kushikilia mashine stima ikipotea, nilinunua pia, ndogo ya VA 650, kama elfu 8. Haikupi saa nzima, inakupa dakika za kuhifadhi na kuzima vizuri, inatosha. Radi zikianza karibu sana nazima na kuchomoa plagi kabisa pamoja na waya wa intaneti, kwa sababu radi ikiingia inachukua diski zote mbili kwa pamoja na hakuna RAID ya kukusaidia hapo. Wala haikusaidii mwizi akibeba mashine, wala ukifuta folda kwa bahati mbaya, itafutika kwa zote mbili sekunde ile ile. Kwa hivyo bado kuna diski ya nje, inakaa kwa dada yangu Mamboleo, kila kazi iliyoisha inaenda huko, na kadi za kamera hazifutwi mpaka hiyo kopi ifunguliwe na kuangaliwa. Joto nalo ni la kuchunga kwa mji huu, zangu zikiwa zimebanana zilifika digrii 50 na kitu mchana, ile feni ndogo ya shilingi mia tano ikizipulizia moja kwa moja ikazirudisha chini ya 45.

Kama ningekuwa naanza leo na kazi zangu zinatoshea terabaiti 1, singegusa RAID. Ningenunua NVMe moja, aina ya SSD yenye kasi zaidi, inasoma zaidi ya megabaiti 3,000 kwa sekunde ikiwa ni PCIe 3.0 kamili, hakuna diski mbili za kuzunguka zitaifikia, na hata mashine ya zamani isiyo na soketi ya M.2 inaweza kuipokea kwa kadi ya adapta ya PCIe, labda tu isiweze kuwakia hapo. RAID ya diski za kuzunguka ina maana ukihitaji terabaiti nyingi kwa pesa kidogo na unasoma faili ndefu. Kama ni gemu, kama ni ofisi, kama ni intaneti polepole, weka SSD na uongeze RAM.

Yangu sasa naiongezea diski ya tatu ikae akiba. Ukiiongeza kwa mdadm --add na zote mbili ziko sawa inakaa tu inangoja, moja ikifa kazi ya kujijenga inaanza yenyewe hata kama niko Busia na kamera begani. Pesa yake inatoka kwa harusi ya mwezi ujao, na nitanunua modeli tofauti na hizi mbili, ndio zisije zikazeeka na kufa pamoja.